Upinde Usio na Maficho: Uwindaji wa Wahadzabe katika Historia ya Utamaduni Wetu

Inapotajwa historia ya taifa, aghalabu fikira za wasikilizaji huelekea kwenye falme, misafara ya biashara, vita vya kupinga wakoloni na harakati za kudai uhuru. Mambo hayo yote ni sehemu ya historia yetu, na ni haki yafundishwe. Hata hivyo ziko historia nyingine zisizo na mfalme wala ngome, wala hazikuacha hati za kuhifadhiwa katika nyaraka. Historia hizo zimo katika mikono ya watu, katika macho yao na katika nyayo zao. Mzee hampi kijana kitabu cha kusoma. Humpa upinde na kumwambia amfuate.

Katika insha hii tunakusudia kuitazama historia moja ya namna hiyo, nayo ni ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini ya Tanzania. Tutashughulika hasa na jambo moja katika maisha yao: uwindaji wa upinde na mshale unaofanywa na mtu aliye wazi, anayemnyemelea mnyama au ndege kwa miguu yake bila kujificha ndani ya kibanda wala nyuma ya ukuta. Tumelichagua jambo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, linadhihirisha elimu ambayo wengi wetu tumezoea kuidharau. Pili, linatulazimisha tujiulize tunakusudia nini hasa tunaposema kwamba tunaulinda utamaduni wa taifa.

Watu na nchi yao

Ziwa Eyasi ni ziwa la magadi lililo katika tawi la Bonde la Ufa, kusini-magharibi ya Ngorongoro. Nchi inayolizunguka ni kame, yenye mawe, vichaka vya miiba na mibuyu mikubwa. Huko ndiko waishiko Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, na kati yao ni mia chache tu ambao bado hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Majirani zao ni Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu, Wanyiramba na Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji.

Lugha yao, Kihadzane, ina sauti za kidoko kama zisikikazo katika lugha za Wasan wa kusini mwa Afrika. Kwa muda mrefu wataalamu waliiweka katika kundi moja na lugha hizo. Siku hizi wengi wao hukubali kwamba udugu huo haujathibitika, na kwamba Kihadzane ni lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Jambo hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba tunaongea juu ya watu wenye asili ya kale sana katika nchi hii, waliokuwapo kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe kuingia katika mabonde hayo.

Ushahidi wa ukale wa uwindaji katika eneo hilo tunao pia katika mawe. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi katika miaka ya 1930, na wamekuta tabaka kwa tabaka za zana za mawe, zikiwamo zana ndogondogo ambazo yaelekea nyingine zilitiwa katika mipini au mishale. Kusini zaidi, katika Wilaya ya Kondoa, miamba ya Kolo na sehemu za jirani ina michoro ya wanyama na watu, na baadhi ya watu hao wameshika pinde. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hatuna haki ya kusema kwamba waliochora walikuwa Wahadzabe. Tunachoweza kusema ni kwamba upinde ni chombo cha kale katika nchi hii, na kwamba Wahadzabe ni miongoni mwa wachache walioendelea kuutumia kila siku hadi zama zetu.

Chombo chenyewe

Upinde wa Mhadzabe ni mti mmoja, mgumu na unaopindika bila kuvunjika, ambao mwindaji huuchonga mwenyewe hadi ufikie karibu kimo chake. Upote wake ni wa kano za mnyama zilizosokotwa. Kuuvuta si kazi ya mtu dhaifu: pinde nyingi zahitaji nguvu sawa na kuinua mzigo wa kilo 30 au zaidi. Kijana wa mjini mwenye afya njema akiushika mara ya kwanza, huenda asiweze kuuvuta hata nusu.

Mishale nayo ni ya namna mbalimbali, na kila namna ina kazi yake. Uko mshale ambao ncha yake ni mti mtupu uliochongwa, nao hutumika kwa ndege na wanyama wadogo, kama kanga, kwale na pimbi. Uko mwingine wenye chembe cha chuma kisicho na sumu. Na uko ule wa tatu, wenye chembe cha chuma kilichopakwa sumu, uliowekwa kwa ajili ya wanyama wakubwa kama swala, tandala, punda milia, pofu na hata twiga. Chuma hicho Wahadzabe hawakukifua wenyewe kutoka katika mawe. Walikipata kwa kubadilishana na majirani zao, nao wakampa jirani nyama, asali au ngozi. Siku hizi msumari mkubwa hupondwapondwa juu ya jiwe hadi uwe chembe. Kwa hiyo hata chombo hiki tunachokiona kuwa cha porini kabisa kina historia ya biashara ndani yake.

Wano la mshale hunyoshwa kwa moto na kwa meno. Mwindaji hulipasha joto, huliuma mahali palipopinda, hulitazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, kisha huliuma tena. Manyoya hufungwa nyuma kwa kano ili mshale usiyumbe hewani, na mara nyingi manyoya hayo ni ya kanga yuleyule ambaye mshale utamwinda kesho.

Kuhusu sumu, yafaa wanafunzi wetu wa sayansi wazingatie. Wahadzabe huipata kutoka katika mimea miwili. Mmoja ni kichaka chenye shina nene na maua ya rangi ya waridi, ambacho wataalamu hukiita Adenium. Utomvu wake huchemshwa hadi uwe mzito na mweusi kama lami. Wa pili ni wa jamii ya Strophanthus, na sehemu itumikayo ni mbegu zake. Sumu hupakwa nyuma ya chembe, kisha huzungushiwa kipande chembamba cha ngozi ili isikauke na isimdhuru mwenye mshale. Ikiingia katika damu ya mnyama huushika moyo na kuusimamisha. Nyama huliwa bila madhara, kwa kuwa ile iliyolizunguka jeraha hukatwa na kutupwa, na sumu ya namna hiyo haina nguvu kubwa ikipita tumboni.

Katika karne ya 19, Mwingereza John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi na baadaye akawa balozi mdogo Unguja, aliwakuta wawindaji wa huko wakitumia sumu ya Strophanthus, akaipeleka Uingereza. Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza, na kutokana nayo ikapatikana dawa iliyotumika kwa miaka mingi kuwatibu wagonjwa wa moyo. Elimu ya mwindaji wa Kiafrika ikaingia hospitalini Ulaya, na mwindaji mwenyewe akaendelea kuitwa mshenzi.

Njia mbili za kuwinda

Wahadzabe wanazo njia mbili kubwa za kuwinda kwa upinde, na tofauti iliyopo baina ya njia hizo ndiyo kiini cha insha yetu.

Njia ya kwanza ni ya kuvizia. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokauka na kubaki katika visima vichache vya asili, wanyama hulazimika kwenda kunywa hapo. Wawindaji hujenga ukuta mfupi wa mawe au wa matawi karibu na maji, wakajilaza nyuma yake usiku. Kwa kawaida huwa wawili, kwa sababu simba na chui nao huijua njia hiyo ya maji. Hapo kazi ya mwindaji ni kungoja. Maficho humsitiri anapoinua mkono, na mnyama huja mwenyewe.

Njia ya pili ni ya kila siku na ya majira yote ya mwaka. Mwindaji huondoka kambini asubuhi, mara nyingi akiwa peke yake, na mkononi ana upinde, mishale kadhaa na pengine shoka dogo la kurinia asali. Hana kibanda wala ukuta. Waliopima mwendo wao wamekuta kwamba mwanamume hutembea kwa wastani kilomita 11 hivi kwa siku. Katika mwendo huo husoma ardhi kama vile mwanafunzi asomavyo ukurasa: unyayo huu ni wa jana jioni, huu ni wa alfajiri, majani haya yameliwa na digidigi, ndege huyu analia kwa sababu ameona nyoka, na yule analia kwa sababu yuko karibu na mzinga wa nyuki na anataka afuatwe.

Ili tuelewe ugumu wa njia hii ya pili, tumchukue kanga. Kanga hana ukubwa wa twiga wala hatari ya nyati, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba ni windo la watoto. Wavulana wa Kihadzabe kweli humwinda, lakini anayedhani kuwa kazi hiyo ni rahisi na aijaribu. Kanga huenda makundi makundi, wakichakura ardhini asubuhi na jioni, na usiku hulala juu ya miti. Wanapokula si wote wanaoinamisha vichwa kwa wakati mmoja. Daima yupo mmoja au wawili walioinua shingo. Macho yao yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo huona mbele, ubavuni na karibu nyuma yote. Mmoja akishtuka hupiga kelele kali, na kundi zima hukimbia, kisha huruka. Hivyo mwindaji hashindani na ndege mmoja. Anashindana na macho ya kundi zima.

Sasa mtu aliyesimama wima katika uwanda wa wazi atawakaribiaje? Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwindaji huinama. Huweka kichuguu, kichaka au shina la mbuyu baina yake na kundi, akasogea wakati vichwa viko chini na kutulia kama gogo vinapoinuka. Kanga hutambua mwendo upesi kuliko umbo. Mtu asiyetikisika huweza kuonekana na asitambuliwe. Mwindaji hujiepusha na majani makavu, huchagua mahali pa kuweka kila unyayo, na anapomfuata mnyama mwenye pua kali kama swala hutazama pia upepo unatoka wapi. Pengine hatua 20 humgharimu muda wa kutosha kuchemshia chungu cha mizizi.

Ugumu mkubwa zaidi huja mwishoni. Mwenye bunduki akisha kulenga, hulazimika kutikisa kidole tu. Mwenye upinde sharti auinue mkono mmoja, avute kwa mwingine, na akaze mwili mzima; na tendo hilo ni mwendo mkubwa mbele ya macho mengi. Aliye ndani ya maficho hulifanya akiwa amesitirika, lakini aliye wazi sharti achague nukta moja tu ya wakati ambapo vichwa vyote viko chini au vimegeukia upande mwingine. Akiharakisha huonekana, na akichelewa kundi huhama.

Hata baada ya kuachia, mambo hayajakwisha. Tuchukue hesabu ndogo. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa upinde wa mti tuseme unakwenda mita 45 kwa sekunde. Windo likiwa mita 30 mbele, mlio wa upote utalifikia kabla sekunde haijafika hata sehemu moja ya kumi, na mshale utafika baada ya theluthi mbili za sekunde. Hivyo windo lina zaidi ya nusu sekunde ya kushtuka na kuruka. Ndiyo maana mwindaji hodari hasifiwi kwa kupiga mbali. Husifiwa kwa kusogea karibu.

Kukosa, kungoja na kugawana

Hapa tunafika mahali ambapo wengi hukosea wanapowasimulia wawindaji. Masimulizi ya kigeni hupenda kumwonyesha mwindaji kama shujaa asiyekosa. Ukweli ni mwingine. Watafiti waliokaa na Wahadzabe katika miaka ya 1980 wakihesabu siku na mawindo, waliona kwamba mwindaji mmoja, kwa wastani, humpata mnyama mkubwa mara moja tu katika siku 30 hivi. Siku 29 hurudi na ndege, na pimbi, na asali, au mikono mitupu.

Jamii inayotegemea kazi ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa ubinafsi. Mwindaji akimfuma mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hamkimbilii. Huchunguza damu na nyayo, hupatia alama mahali pale, kisha mara nyingi hurudi kambini na kutulia. Baadaye, au kesho yake asubuhi, huenda na wenzake kumfuata mnyama hadi alipoangukia. Nyama hubebwa na wengi na huliwa na wengi. Sehemu maalumu huwekwa kwa wanaume waliokwisha kupewa daraja hiyo, na mwiko wake huheshimiwa. Iliyobaki hugawiwa kambi nzima. Aliyepiga hana mamlaka ya kuwanyima wenziwe, wala hatarajiwi kujigamba. Leo ameua yeye, kesho ataua mwingine, na mwezi ujao yeye ndiye atakayekula cha mwenzake.

Wala hatuna budi kusahau kwamba kambi haishi kwa nyama peke yake. Mizizi ichimbwayo na wanawake kwa vijiti vilivyochongoka, matunda ya porini na ubuyu ndivyo viwapavyo watu chakula cha uhakika. Mwanamume aweza kutembea mwezi mzima akimnyemelea pofu kwa sababu mama, mke na bibi wamekwisha kuhakikisha kwamba watoto hawalali na njaa. Anayeandika sifa za upinde bila kutaja kijiti cha kuchimbia ameandika nusu ya historia.

Mafunzo ya kazi hii huanza mapema. Mtoto wa kiume hupata upinde mdogo angali hajatimiza miaka mitano, na hushinda akilenga magome, mijusi na ndege wadogo. Hakuna kengele ya kuanza somo wala cheti cha kumaliza. Mvulana akikosa hucheka, wenziwe humcheka, na huokota mshale wake na kujaribu tena. Wanaume nao hucheza mchezo wa kamari uitwao lukuchuko, kwa kurusha vipande vya gome la mti, na dau lao kubwa ni mishale. Kwa njia hiyo mishale huzunguka kutoka mkono hadi mkono, kambi hadi kambi, na si rahisi mtu mmoja kulimbikiza.

Sheria, makazi na ardhi

Mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alitoa amri ya kwanza ya kusimamia uwindaji katika nchi nzima, ikihitaji wawindaji kuwa na leseni. Waingereza walipoichukua Tanganyika walitunga sheria yao mwaka 1921. Amri hizo zilikuwa na sababu, kwani biashara ya pembe za ndovu na bunduki za wageni zilikuwa zimekwisha kuangamiza wanyama wengi. Lakini tazama matokeo yake. Mgeni aliyekuja na bunduki, mahema na wapagazi, akalipa ada, aliitwa mwanamichezo. Mwenyeji aliyeua swala mmoja kwa mshale alioutengeneza mwenyewe, ili watoto wale, akaanza kuitwa jangili.

Wakati huohuo wageni walianza kuwaandika Wahadzabe. Mjerumani Erich Obst alifika kwao mwaka 1911 na kuandika habari zao kwa jina la Wakindiga, ambalo pamoja na Watindiga lilikuwa jina la kupewa na wengine. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alikusanya hadithi zao nyingi na kuzichapisha kwa Kijerumani. Kuanzia mwaka 1958 James Woodburn alikaa nao, akajifunza lugha yao, na mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokutana Chicago kujadili jamii za wawindaji duniani. Hivyo elimu ya Wahadzabe ilisomwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani kabla haijafundishwa katika shule zetu.

Uhuru ulipofika, nia ya Serikali ilikuwa njema. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Ilitakiwa tuache kuona haya kwa ajili ya ngoma zetu na mila zetu. Lakini kwa Wahadzabe maendeleo yalitafsiriwa kuwa kuacha upinde na kushika jembe. Kuanzia mwaka 1964 walikusanywa huko Yaeda Chini na kwingineko, wakapewa chakula, mbegu, shule na zahanati. Baadhi walikaa. Wengi walikumbwa na maradhi yaambukizayo upesi penye msongamano wa watu, chakula cha msaada kilipopungua wakarudi porini, na vijiji vikabaki na wageni kuliko wenyeji. Juhudi za namna hiyo zilirudiwa, na mwisho wake ukafanana.

Si haki kuwalaumu waliopanga makazi hayo kana kwamba walikuwa na chuki. Walitaka mtoto wa Kihadzabe asome na atibiwe, na hilo ni jema hadi leo. Kosa lilikuwa katika kuamini kwamba mwindaji hana kitu, na kwa hiyo chochote apewacho ni faida. Kumbe alikuwa na nchi, na alikuwa na maarifa ya kuishi katika nchi hiyo.

Nchi hiyo ndiyo iliyopungua mwaka hadi mwaka. Mashamba ya vitunguu yalienea Mangola, mifugo ikaingia katika mabonde ya maji na mizizi, mibuyu ikakatwa, na wanyama wakahama. Mtu huweza kuuhifadhi upinde wake ukutani miaka 100, lakini pasipo na swala wala kanga upinde huo ni fimbo iliyofungwa kamba. Mwaka 2007 ulizuka mjadala mkubwa pale kampuni moja ya kigeni ilipotaka kupewa Bonde la Yaeda kuwa kitalu cha uwindaji wa wageni wake. Wahadzabe na marafiki zao walipinga, na kampuni ikajitoa mwaka huohuo. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, jamii ya Wahadzabe ilipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo la hekta 20,000 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu jamii ya wawindaji na wakusanyaji kutambuliwa kisheria kuwa wenye ardhi yao, ingawa haikuwa imelimwa wala kujengewa.

Hati hiyo haikumaliza matatizo. Ukame, ongezeko la watu na mifugo, na watalii wanaokuja kutazama uwindaji kama tamasha, vyote vinaendelea kuibana nchi hiyo. Hata hivyo ilibadili jambo moja kubwa. Iliandika katika karatasi ya Serikali kwamba ardhi inayotembewa, kuwindwa na kuchimbwa mizizi ni ardhi inayotumika.

Fundisho kwa shule zetu

Tumeuita uwindaji huu usio na maficho, na neno hilo lafaa kwa maana nyingine pia. Kwa miaka mingi Wahadzabe walisimama wazi mbele ya nguvu zilizowazidi, nazo ni leseni, jembe, bunduki na fedha, wala hawakuwa na ukuta wa kujikinga. Silaha yao ilikuwa kuijua nchi yao na kutoiacha. Waswahili husema kanga hazai ugenini. Na watu pia hawastawi wakitolewa pale walipo na mizizi.

Tunawaomba walimu wasiwafundishe wanafunzi kwamba wawindaji ni ngazi ya chini ambayo binadamu alipita na kuiacha. Mwalimu wa historia anaweza kuanza na mawe ya Mumba na kufikia hati ya mwaka 2011. Mwalimu wa fizikia anaweza kupima mwendo wa mshale na wa sauti. Mwalimu wa kemia na wa biolojia wana sumu ya moyo iliyogeuka dawa ya moyo. Mwalimu wa siasa na uraia ana swali zito la kuwauliza wanafunzi: ardhi ni mali ya nani, na ni nani aamuaye kwamba inatumika vizuri?

Nanyi wanafunzi, ambao huenda hamtashika upinde maisha yenu yote, ondokeni na jambo hili. Yule kijana wa Yaeda anayemnyemelea kanga hatua kwa hatua ana subira, hesabu, uchunguzi na heshima kwa wenzake watakaokula alichopata. Akija kukaa nanyi darasani, msimwite mtu wa porini. Mwulizeni anajua nini, kisha mweleze mnachojua ninyi, na hapo ndipo utamaduni wa taifa utakapokuwa na maana kwa nyote.